Muuguzi Mmoja, Vitanda Ishirini na Nane



Ndugu zetu wapenzi, wengi wenu mlituletea salamu na dua mama yetu alipolazwa katika Ramadhani ya mwaka 2023, nasi tumechelewa mno kuwajibu. Mtusamehe. Alhamdulillah, mama yupo nyumbani hapa Buyenzi na kidonda cha mguu kilifunga. Lakini lipo jambo tulilotoka nalo hospitali ambalo hadi leo halijatutoka moyoni, nalo si la ugonjwa.

Mama ana kisukari cha miaka mingi. Tulimpeleka hospitali moja ya serikali hapa Bujumbura, jina tunaliacha, akalazwa wodi ya wanawake siku 11. Kama mnavyojua, huku kwetu mgonjwa halazwi peke yake. Chakula, shuka, maji ya kuoga, yote ni juu ya jamaa, kwa hiyo sisi watoto wake tuligawana usiku na mchana.

Usiku wa tatu ndio tunaotaka kuwasimulia. Sindano ya insulini ilitakiwa ichomwe kabla mama hajala. Maghrib ikaingia, tukafuturu kwa tende na maji pale mlangoni. Isha ikapita. Chakula cha mama kikapoa, na yeye akaanza kulalamika kiu na kizunguzungu. Muuguzi alikuwa mmoja kwa vitanda 28, na wagonjwa wengine wawili walikuwa wamelala chini kwenye mikeka. Kaka yetu mkubwa, saumu bado imo kichwani, akamfuata mezani kwake akamwambia mbele ya watu wote kwamba kama kazi imemshinda aiache.

Hakumjibu kwa ukali. Alisema, "Kaka, mimi nilishaiacha zamani. Ni mwili tu ndio unakuja." Kisha akaja, akapima sukari, akachoma sindano vizuri kabisa, akaondoka bila kumtazama mama usoni.

Sisi tulishughulika na kule kuchelewa. Mama aliyashika yale maneno. Alitwambia usiku ule ule, kwa sauti ndogo, "Wanangu, mtu aliyekata tamaa ndiye ameshika sindano yangu. Nilale vipi?" Hakulala.

Wakati wa daku yule dada alipita tena, na safari hii mama ndiye aliyemwita, "Njoo mwanangu, ukae kidogo." Akakaa. Tukajua kwamba alikuwa kazini tangu asubuhi ya siku ile. Mwenzake wa zamu ya usiku hakufika, kwa sababu mafuta yalikuwa hayapatikani mjini na mabasi yalikuwa machache. Marupurupu yake yalikuwa yamechelewa miezi minne. Wenzake wawili aliosoma nao walikuwa wameshavuka mpaka kutafuta kazi nchi jirani. Alichosema kikatuuma zaidi ni kwamba siku hizi hujilazimisha asiyajue majina ya wagonjwa, kwani akiyajua humwia vigumu wanapofariki kwa kukosa kitu kidogo.

Tusimlaumu yeye peke yake, wala tusiseme ni mambo ya jana. Wazazi mnaotusoma mnakumbuka tarehe 1 Mei 2006, ilipotangazwa kwamba matibabu ya watoto chini ya miaka mitano na huduma za uzazi ni bure. Ilikuwa rehema, na wapo watoto mitaani kwetu walio hai kwa sababu yake. Lakini akina mama walifurika vituoni, na wauguzi wakabaki wale wale. Kisha mwaka 2010 ukaenea nchi nzima utaratibu wa kuvilipa vituo kulingana na kazi vinayoifanya na ubora wake, na sehemu ya fedha hizo ikawa nyongeza kwa wafanyakazi. Mpango mzuri. Ila mtu akishazoea kuihesabu nyongeza hiyo kwenye kodi ya nyumba na ada za watoto, ikichelewa humvunja moyo kuliko kama asingeahidiwa kitu.

Tuliobaki tulianza kumletea sahani ya futari. Hapo tukabishana sisi kwa sisi: hii ni sadaka au ni rushwa? Kaka alisema akila chetu, mama atachomwa sindano mapema na yule bibi wa mkekani, ambaye hana mtu, atasubiri. Hatukuwa na jibu. Tukaongeza sahani ya pili kwa yule bibi, lakini swali lilibaki pale pale.

Tulipotaka kupeleka malalamiko mama alikataa kabisa. "Mkimshitaki, ataondolewa yeye, na wodi ibaki haina mtu." Nasi tuliogopa kunyamaza, maana atakayelala kitanda kile baada yake huenda hana watoto wa kumfuata muuguzi mezani. Mwishowe tuliandika barua kwa mkurugenzi bila kutaja jina la mfanyakazi yeyote. Tuliandika tarehe, saa ya sindano iliyotakiwa na saa iliyochomwa, idadi ya vitanda na idadi ya wauguzi, na swali moja: aliye zamu asipofika, nani anaitwa? Ilipokelewa na kugongwa muhuri. Jibu hatujapata.

Mama aliporudi kusafishwa kidonda, kaka alikwenda naye makusudi kumwomba radhi yule dada. Hakumkuta. Mezani alikuwapo kijana mgeni, peke yake, akasema hajui kama amehamishwa au ameacha kazi. Kaka akamwachia ile sahani.

Ndugu mlio kwenye kazi za afya, na wanafunzi mnaosomea uuguzi, tuandikieni. Kwenu nani huitwa?

Wabillahi tawfiq.