Meza ya Mjini na Meza ya Bwana

Kwetu Lushoto, mzazi akisema binti yake anafanya kazi hotelini Dar es Salaam, watu humpongeza. Akisema anafanya kazi baa, watu hunyamaza, na Jumapili inayofuata wengine huketi benchi jingine. Huenda kazi ni ileile, hata nyumba ni ileile. Neno hilo moja latosha kumtenga mama na wenzake katika kikundi cha wanawake.

Jambo hili lilitufikia sisi watatu: mchungaji, mama mchungaji na mzee mmoja wa kanisa. Msharika wetu, binti aliyepata kipaimara mikononi mwetu, alikuwa na miaka minne Dar es Salaam. Dada yake akajifungua huko, naye akaombwa awe mdhamini wa mtoto katika ubatizo. Usharika wa mjini ukamwambia, kama utaratibu ulivyo, alete barua ya utambulisho kutoka nyumbani. Ombi lake lilipofika, Baraza la Wazee liligawanyika. Wengine walisema kanisa haliwezi kumshuhudia mtu ambaye riziki yake iko penye pombe. Wengine walisema aandikiwe, maana hajaukana ubatizo wake. Mwishowe likakubaliana kwamba, kwa kuwa sisi watatu tulikuwa na safari ya mkutano Dar es Salaam, tufike tukaone kwa macho.

Nyumba yenyewe iko Masaki, karibu na bahari. Nusu ni mgahawa, nusu ni baa. Tulifika saa kumi na mbili jioni, kabla watu hawajajaa. Taa zilikuwa hafifu, muziki unapigwa, na nyuma ya kaunta chupa zilipangwa hadi karibu na dari. Mzee wetu alichagua kiti kinachoipa kaunta mgongo. Binti akatoka jikoni na aproni yake, akatuamkia mmoja mmoja, “Shikamoo baba mchungaji, shikamoo mama, shikamoo babu,” akatuambia tusiangalie bei, maana ameshalipa kutoka kwenye mshahara wake.

Sifa ya mahali pale ni vyakula vya mchanganyiko. Jodari mbichi, aliyekatwa kwa namna ya Kijapani, ameviringishwa na wali wa nazi. Mihogo ya kukaanga imeletwa na mchuzi wa soya. Mishikaki imepakwa rojo la karanga kama wafanyavyo Indonesia. Kisha likaja bakuli dogo lenye tui zito na jibini juu. Mzee akaonja, akaweka kijiko chini, akauliza, “Mama mchungaji, hii si makande?” Yalikuwa makande. Kwenye menyu bei yake ilikuwa shilingi 22,000. Mzee akauliza kama kwa bei hiyo mtu huondoka na bakuli.

Tulicheka, lakini makande hayo yalitufikirisha. Mahindi na maharage, ambayo kila Msambaa huyahesabu kuwa chakula cha mababu, asili yake ni bara la Amerika. Yalifika Afrika baada ya Wareno kuanza kuvuka bahari. Ndivyo ulivyokuja na muhogo tunaosonga bada, na nyanya, na viazi vinavyojaza malori yetu. Pilau, chapati na sambusa zina mizizi ng’ambo ya Bahari ya Hindi. Wamisionari wa Betheli walipofika Mlalo mwaka 1891, walikuja na mapishi yao, na kwa miaka mingi sasa shamba la dayosisi yetu pale Irente limeuza jibini na mkate wa Kijerumani, na hakuna anayeshangaa. Tulichowekewa Masaki hakikuwa kigeni kuliko tunavyokula nyumbani. Kilikuwa kipya tu, na ghali.

Binti akatuonyesha sahani ya saladi. “Majani haya yametoka kwetu,” akasema, “Lukozi.” Malori hupakia milimani, hushuka Soni hadi Mombo, hushika njia kuu ya Segera na Chalinze, na mboga huingia masokoni Dar es Salaam. Mama mchungaji, ambaye hulima kabichi, alipiga hesabu kimyakimya. Sahani ile moja ilizidi fedha ambayo majirani zetu hupata kwa gunia zima la kabichi msimu zinapojaa sokoni.

Tukamwomba atueleze siku yake. Huingia kazini saa nane mchana. Saa kumi, kabla milango haijafunguliwa, wafanyakazi wote hula pamoja jikoni, wengi wao wakiwa wamesimama: sinia moja la ugali na dagaa. Kuna Waislamu, Wakatoliki na Wapentekoste, na kila siku mmoja huomba kwa zamu. Baada ya hapo ni moto na visu mpaka saa nane usiku. Nauli ya bodaboda usiku huo hula sehemu ya mshahara. Mwanzoni alikuwa mhudumu mbele, lakini mteja mmoja alizoea kumshikashika, naye akaomba ahamishiwe jikoni. Jumapili huhudhuria ibada ya kwanza, saa moja asubuhi, akiwa amelala saa tatu. Ada ya mdogo wake wa sekondari hutoka humo humo.

Hatusemi kwamba pombe haina madhara. Tumezika wanaume ambao iliwaua, tumewapa nguo watoto wao. Lakini ombi lililokuwa mbele ya Baraza halikuhusu pombe. Lilihusu mtu na nafasi yake mezani.

Mtume Paulo aliandika kuhusu meza mara nyingi. Katika barua yake ya kwanza kwa Wakorintho, sura ya 11, anawakemea vikali. Wapo waliolewa, naye halifichi hilo. Lakini uchungu wake mkubwa ni kwamba wenye nacho walitangulia kula, wasio nacho wakakaa na njaa, kisha wote wakaita mkutano huo Chakula cha Bwana. Kwa Wagalatia anaeleza jinsi Petro alivyokuwa akila na watu wa mataifa kule Antiokia, mpaka walipofika watu kutoka Yerusalemu. Hapo akaogopa, akajitenga. Paulo alimpinga mbele ya wote. Petro hakuwa amebadili imani yake. Aliwaogopa waliotoka nyumbani. Jioni ile Masaki, waliotoka nyumbani walikuwa sisi.

Sisi Walutheri tuna kumbukumbu nyingine. Katharina von Bora, aliyefunga ndoa na Martin Luther mwaka 1525, alilima bustani, alifuga, na alipika bia nyumbani kwao Wittenberg. Meza yake ililisha wanafunzi na wageni wengi. Hatulisemi hili ili kufungua baa milimani. Tunalisema kwa sababu mwanamke huyo huheshimiwa katika kanisa letu, na hakuna anayeuliza mikono yake ilishika nini jikoni.

Tuliporudi, mzee yule ndiye aliyesema kwanza mbele ya Baraza. Alisema, “Nilikwenda kumtazama mtoto wetu kama yuko penye pombe. Nimemkuta yuko penye kazi.” Akaeleza sinia la saa kumi, sala ya zamu na ibada ya saa moja. Yakafuata maswali magumu, mengine ya haki, kuhusu usiku, usalama na wateja. Hatukuwa na jibu la kila swali. Mzee mmoja alibaki na msimamo wake, na tuliuheshimu. Lakini wengi walikubali, na barua iliandikwa siku hiyo hiyo. Ilisema amebatizwa, amepata kipaimara, hana zuio la kushiriki Meza ya Bwana, na tunawaomba wenzetu wa Dar es Salaam wamtunze, hasa kwa kuwa hurudi nyumbani usiku. Mstari huo wa mwisho ulikuwa wa mama yake. Alikuja ofisini kuuomba.

Wapendwa, vijana wetu wanashuka mlima kila wiki, mara nyingi katika malori yaleyale ya mboga. Tunajua bei ya karoti Kariakoo kuliko tunavyojua saa wanayotoka kazini. Katika kila mtaa yafaa wazee wakae na wazazi, waandike majina: nani yuko mjini, anafanya kazi gani, anarudi vipi usiku, na je, ana barua? Asiye nayo aandikiwe kabla hajaomba. Na mama ambaye binti yake anapika penye baa, Jumapili hii aketi katikati ya wenzake.