Kijana wa Kama anayejifunza kusoma chini ya ardhi

Kuchimba ni kazi inayojulikana na kila mtu wa Kama. Watoto wanakua wakiona sururu na beleshi, na vijana wengi wa eneo la Pangi wamepata chakula kwenye machimbo ya dhahabu na ya kasiterite. Lakini iko kazi nyingine, ndugu wa karibu wa kuchimba, ambayo wachache wanaijua. Ni kazi ya mtu anayetangulia mbele ya mchimbaji na kumwambia: hapa chimba, pale acha, kuna tiyo ya maji chini, kuna kebo ya umeme.

Kijana mmoja wa familia iliyohama anajifunza kazi hiyo mjini Kindu. Familia yake ilitoka upande wa Shabunda, Kivu Kusini, ikafika Kama kwa miguu. Mama yake na wadogo zake bado wako Kama, nyumbani kwa wenyeji waliowapokea. Yeye alishuka chimboni kama vijana wengine, na baadaye akaenda Kindu kutafuta maisha. Huko alipata kibarua cha kuchimba mitaro, na mitaro ndiyo iliyomkutanisha na mzee mmoja, fundi wa maji aliyestaafu, ambaye mafundi wa mji wanamwita hata leo wanapokwama.

Siku za kwanza kijana hakufundishwa chombo chochote. Alitembezwa tu. Mzee alimpitisha kwenye barabara za Kasuku na za Mikelenge, akimwonyesha vifuniko vidogo vya chuma vilivyozama kwenye udongo, kontere za maji zilizofunikwa na majani, na vani za zamani ambazo hakuna anayezifungua tena.

«Baba, mbona hatuchimbi?» aliuliza.

«Tunachimba kwa macho kwanza, mwanangu. Vani hii na ile kule, katikati yake unafikiri kuna nini?»

Hilo lilikuwa somo la kwanza: tiyo haionekani, lakini inaacha alama huku na huku, na mwenye kujua anaunganisha alama hizo kwa mstari. Mtaro uliojazwa udongo unashuka kidogo kila mvua, kwa hiyo maji yanatuama juu yake. Tiyo inayovuja inafanya majani yawe mabichi hata wakati wa jua kali. Mzee ana neno lake juu ya hayo: ardhi yenyewe haichori mstari ulionyooka, ukiona mstari umenyooka, ujue mtu alipita hapo na beleshi.

Katika somo la pili, kijana alimshangaza mwalimu wake. Walipofungua shimo dogo, alitazama ukuta wa udongo akasema mara moja kwamba upande mmoja haujawahi kuguswa na upande mwingine ulichimbwa zamani. Hakuna aliyemfundisha Kindu. Alijua kutoka chimboni. Udongo ambao haujaguswa umelala kwa tabaka zake na ni mgumu. Udongo uliorudishwa umechanganyika, mweusi wa juu umeingia chini, unabeba vipande vya makaa na vya tofali, na beleshi inaingia bila kusumbuka. Mchimbaji wa dhahabu anatafuta udongo ambao haujaguswa. Mtafuta tiyo anatafuta ule uliokwisha kuguswa. Ujuzi ni uleule. Kinachogeuka ni kile unachotafuta.

Kwa nini kazi hii ina maana katika mji kama Kindu? REGIDESO iliundwa mwaka 1939, na SNEL mwaka 1970. Katika miaka hiyo yote tiyo na kebo zimelazwa, zimekatwa, zimeunganishwa upya, na nyingine zimeachwa chini bila kutumika. Vita vimepita, karatasi zimepotea, na waliolaza tiyo hizo wamezeeka au wamekufa. Nyumba zimejengwa mahali palipokuwa njia. Mara nyingi ramani iliyobaki ni kichwa cha mzee mmoja, na kichwa cha mzee hakina nakala.

Sururu ikipiga tiyo, wengi wanafikiri hasara ni maji yaliyomwagika. Hasara kubwa inakuja baadaye. Katika mji ambao maji hayatoki saa zote, tiyo inajaa kwa muda, kisha inakuwa tupu. Inapokuwa tupu haisukumi tena maji nje, inavuta ndani. Kama ina ufa, inavuta kilicho karibu na ufa huo. Kama kilicho karibu ni shimo la choo, maji yakirudi yanabeba uchafu hadi kwenye robine za kartie nzima. Kwa njia hiyo kipindupindu kinaweza kuingia ndani ya bidoni ya mama ambaye hakukosa lolote na aliyeteka maji yake robineni.

Kijana alilikuta jambo hilo kwa macho yake. Baada ya Goma kuingia mikononi mwa M23 mwezi wa Januari 2025, na Bukavu mwezi wa Februari mwaka huohuo, familia nyingi zilihama, na baadhi zilifika Maniema. Kwenye kiwanja kimoja Kindu, familia kadhaa zilikaa kwa mama mmoja mwenyeji. Choo kilikuwa kimoja na kilijaa. Wanaume wa kiwanja waliamua kuchimba kingine, wakachora alama, wakaleta sururu. Kijana, aliyekuwa na jamaa pale, aliomba wasubiri siku moja.

Hawakufurahi. Watoto walikuwa wakijisaidia vichakani, na mvua ilikuwa karibu. Mwenye kiwanja alisema ameishi pale tangu alipoolewa na hajaona tiyo yoyote. Kijana hakubishana naye. Mgeni hana haki ya kumwambia mwenyeji kwamba haijui ardhi yake. Lakini mgeni ana haki ya kuuliza, na ndivyo alivyofanya.

Aliuliza jirani wa kushoto, kisha wa kulia. Aliuliza kikongwe mmoja nyuma ya njia, ambaye alikumbuka kwamba zamani, kabla ya kiwanja kugawanywa, palikuwa na robine ya watu wote kwenye kona. Hakukumbuka mwaka, lakini alikumbuka wanawake walisimama upande gani wakipanga ndoo zao. Kijana alitafuta kona hiyo, akapata chini ya majani kipande cha saruji kilichovunjika. Kutoka hapo alitazama kifuniko cha chuma kilichoko barabarani, akanyosha kamba kati ya alama hizo mbili. Kamba ilipita karibu sana na alama ya choo.

Hapo alichimba kishimo cha kujaribia, polepole, kwa beleshi na kwa mikono, bila sururu. Udongo ulikuwa laini, umechanganyika, na vipande vya makaa ndani yake. Tiyo ya chuma ilionekana, yenye kutu, imelowa upande wa chini. Ilikuwa bado na maji. Choo kilichimbwa upande wa pili wa kiwanja, mbali na tiyo, na mahali ilipovuja palipelekewa habari kwa wanaohusika.

Hakulipwa kitu. Wala hakuna aliyeweza kuonyesha kwa kidole faida aliyoileta, kwa sababu hakuna kilichotokea. Kazi hii ndivyo ilivyo. Ikifanywa vibaya, mji wote unajua. Ikifanywa vizuri, watu wanaendelea kuteka maji, na aliyewalinda anarudi nyumbani na matope kwenye magoti.

Nchi nyingine zimeipa kazi hiyo sheria na mshahara. Marekani, tangu mwaka 2007, mtu anayetaka kuchimba anapiga namba 811 bila kulipa, na watu waliofundishwa wanakuja kuweka rangi juu ya ardhi: bluu kwa maji, nyekundu kwa umeme, manjano kwa gesi, rangi ya chungwa kwa simu na intaneti, kijani kwa maji machafu. Karibu na rangi, kuchimba ni kwa mkono. Ufaransa nayo ilikaza sheria zake mwaka 2012. Kule kijani ni alama ya simu na intaneti. Kwa hiyo anayejifunza kupitia video za simu aangalie video inatoka nchi gani, maana rangi moja inaweza kusema mambo mawili.

Wenzao wa kule wanatumia vyombo, na kijana amevisoma ingawa bado hana vyake. Kimoja kina sehemu mbili: ya kwanza inatuma mkondo mdogo wa umeme kwenye tiyo ya chuma au kebo, na ya pili, inayoshikwa mkononi, inalia inapopita juu yake. Kebo yenye umeme inaweza kusikika hata bila kutumiwa mkondo. Lakini mzee alimwonya: umeme ukikatika, kebo inanyamaza, na Kindu umeme unakatika. Anayechukua ukimya kuwa ushahidi anaweza kushika kebo saa ileile umeme unaporudi. Tiyo ya plastiki nayo haijibu chombo hicho, isipokuwa ililazwa pamoja na waya. Kuna chombo kingine kinachotuma mawimbi ya radari chini, lakini udongo wa mfinyanzi uliolowa unayameza mawimbi hayo, na Maniema mvua si haba.

Kwa hiyo anabaki na vyombo vyake: fimbo ya chuma anayoigusisha kwenye vani na kuweka sikio usiku, mji ukiwa umetulia, ili asikie tiyo inayovuja, utepe wa kupimia, kamba, na daftari. Hakupata shule yenye darasa la jina hilo. Anapanga kujifunza ufundi wa maji na wa umeme kwenye chuo cha ufundi atakapopata ada. INPP, taasisi ya serikali iliyoanzishwa mwaka 1964 kwa ajili ya mafunzo ya kazi, ni mlango mmoja anaoufikiria. Mzee anasema vyeti vitakuja, ila asikilize kwanza watu ambao hawatakuwepo kesho.

Hapo ndipo penye jambo la kufikiriwa na familia zilizohama. Mtu aliyehama anaambiwa kila siku kile ambacho hana: hana shamba, hana kiwanja, hajui njia. Katika kazi hii, kutojua si aibu, mradi mtu aulize. Mwenyeji anaamini kumbukumbu yake na anapiga sururu. Mgeni anauliza watu watatu, anapima, anafungua kishimo, ndipo anasema. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Kwenye kiwanja kile cha Kindu, hilo lilitimia.

Mama yake, alipopata habari kwa simu, aliuliza swali la mama.

«Na huku Kama, mwanangu, utatafuta tiyo gani?»

Ni swali la haki. Kama haina chini yake mambo mengi kama Kindu. Lakini sheria ya maji ya mwisho wa mwaka 2015 ilifungua njia ili majimbo na maeneo ya wenyeji yashughulikie huduma ya maji, isiwe mzigo wa REGIDESO peke yake. Chemchemi inaweza kukingwa na maji yake yakashuka kwa tiyo hadi kwenye robine za mtaa. Siku tiyo hizo zitakapolazwa, ndipo kazi ya kuzitafuta inapoanza, kabla hazijafunikwa.

Kijana alimjibu mama yake kwa kumweleza daftari lake. Kila tiyo anayoiona, anapima kutoka kwenye vitu viwili au vitatu ambavyo haviondoki haraka: kona ya kanisa au ya msikiti, ukuta wa shule, nguzo ya daraja. Hapimi kutoka kwenye mwembe, kwa sababu mwembe unakatwa. Anaandika urefu wa chini, aina ya tiyo, tarehe, na jina la aliyemwambia. Nakala moja inabaki kwa mzee, moja kwake, na anataka ya tatu ikae kwa shefu wa kartie.

Wakaaji wa Kama wanaweza kuanza bila kungoja mradi. Kabla ya kuchimba choo, kisima au msingi wa nyumba, uliza majirani watatu, na mmoja wao awe mzee. Ukikuta udongo uliochanganyika, weka sururu chini, endelea kwa mkono. Ukikuta kebo, usiiguse hata kama umeme umekatika. Zuia watoto, ita wanaohusika. Ukilaza tiyo, andika kabla ya kufunika. Na kama nyumbani kwako kuna baba au babu aliyefanya kazi ya maji, ya umeme au ya barabara, mpe mtoto wa shule daftari na kalamu, akae naye jioni, amuulize: mlichimba wapi, na mliacha nini chini?