Ivuna: Mahali Penye Jina Kubwa Kuliko Jiwe Lake

Ndugu msomaji, ukitoka Mbeya mjini kwa barabara kuu iendayo Tunduma, utaingia Mkoa wa Songwe na kupita katika nchi ya kahawa ya Mbozi. Huko ndiko kiliko kimondo mashuhuri cha Mbozi, pande la chuma lenye uzito wa tani 16 hivi, ambalo wenyeji walilifahamu kabla ya mpima ardhi mmoja kulitangaza kwa walimwengu mwaka 1930. Wageni hulizunguka, hulipapasa, hupigwa picha kando yake, kisha hurudi makwao wakiamini kuwa wamekiona kimondo kikuu cha nchi yetu. Kwa ukubwa hawakukosea. Lakini kwa manufaa ya elimu, kimondo kikuu kiliangukia kwingine, na uzito wake haukufika hata robo tatu ya kilo.

Basi na tuelekee kaskazini-magharibi. Ubaridi wa Mbozi unabaki nyuma, joto linazidi, na mbele linatandaa Bonde la Rukwa, ambalo ni sehemu ya Bonde la Ufa. Karibu na ncha ya kusini ya Ziwa Rukwa, ziwa la magadi lenye viboko na mamba, ndipo ilipo Ivuna, katika Wilaya ya Momba. Tangu kale mahali hapa palisifika kwa chumvi. Wataalamu wa mambo ya kale wamefukua mabaki ya kazi ya mababu waliochuja maji ya chumvi na kuyachemsha hata ikabaki ile waliyoitaka. Ikumbuke kazi hiyo, msomaji, maana tutairudia.

Tarehe 16 Desemba 1938 mgeni aliingia Ivuna kutoka juu. Lilikuwa jiwe jeusi, jepesi kumeguka, la gramu 705 hivi. Mtu asiyejua angalidhani ni kipande cha mkaa. Kumbe lilikuwa na umri wa zaidi ya miaka milioni 4,500, na ukiondoa gesi kama haidrojeni na heliamu, mchanganyiko wa elementi zake unakaribia sana ule wa jua lenyewe. Vimondo vya namna hiyo ni adimu mno; kimoja kilianguka Orgueil, Ufaransa, mwaka 1864. Wanasayansi waliwapa ndugu hao jina la ukoo, CI, na ile herufi I ni ya Ivuna.

Lakini undugu wa mawe hujulikanaje? Shahidi mmoja ni kromiamu, madini yale yale yanayong'arisha usukani wa baiskeli na kukinga sufuria na kutu. Atomu za kromiamu hazilingani zote kwa uzito. Ziko za aina nne, ziitwazo isotopu, nazo hupewa namba 50, 52, 53 na 54. Uwiano wa aina hizo hutofautiana kidogo sana baina ya ukoo mmoja wa vimondo na mwingine, kwa kuwa vumbi lililozaa mfumo wa jua halikuchanganyika sawasawa kila mahali. Katika jiwe la Ivuna, kiasi cha namba 54 kimezidi kile cha dunia yetu kwa sehemu moja na nusu hivi katika kila 10,000. Koo nyingine nyingi za vimondo zimepungukiwa kidogo. Tofauti ni ndogo, lakini ni kama alama ya kuzaliwa: haifutiki.

Kuipima si kazi ya mizani ya dukani. Chembe za jiwe huyeyushwa kwa asidi, kisha maji hayo hupitishwa katika mirija iliyojaa punje za kuchujia ili kromiamu itengwe na vinginevyo. Je, si kazi ile ile ya wachuja chumvi wa Ivuna? Adui mkubwa ni chuma, maana nacho kina atomu zenye namba 54, na kikibaki hata kidogo huharibu hesabu. Kromiamu iliyosafishwa hukaushwa juu ya utepe mwembamba wa metali na kutiwa katika mashine iitwayo spektromita ya masi. Humo ndani hamna hewa. Utepe hupashwa moto, atomu huruka zikiwa na umeme, na sumaku huzipinda njia: nyepesi hupinda zaidi, nzito hupinda kidogo, na kila aina huhesabiwa mahali pake.

Faida yake ilionekana wazi baada ya Desemba 2020, chombo cha Kijapani Hayabusa2 kilipoleta gramu 5 na ushei za udongo kutoka Ryugu, sayari ndogo inayozunguka jua. Ulipopimwa, kromiamu yake ilishuhudia kuwa ni wa ukoo wa Ivuna, na mwaka 2022 taarifa za kisayansi zikatangaza hivyo. Hata hivyo, udongo wa Ryugu haukuwa na chumvi za salfeti zilizomo katika vimondo vya ukoo huo. Inaelekea chumvi hizo zilizaliwa hapa hapa duniani, kwa unyevu wa hewa, baada ya mawe kuanguka.

Ukifika Ivuna, ndugu msomaji, usitazamie kuliona jiwe hilo. Liligawanywa vipande, na kipande chake kikubwa kilichukuliwa mwaka 2008 na Natural History Museum ya London. Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwenyeji apone vipi iwapo mgeni hapokelewi? Siku utakapoona jiwe limeanguka kutoka angani, usilioshe wala usilipasue. Lifunge, liweke pakavu, andika siku na mahali, kisha upeleke habari kwa viongozi wa kijiji au mtaa mapema iwezekanavyo. Kila siku ya unyevu huondoa sehemu ya habari ambayo jiwe lilikuja nayo.