Mnyororo wa Wapimaji

Nilipokuwa mtoto Ngezi, mtaa wa mji wa Bunia huko Ituri, Kongo, miaka ya themanini, mgeni akiingia kwenye parseli yetu aliulizwa kama amekula, kisha akaulizwa kwao ni wapi. Mama aliuliza ili ajue amsalimie kwa lugha gani. Akisikia Mahagi, aliingia moja kwa moja kwenye Kialur chake. Akisikia Djugu, alimwita jirani yetu Mama Lonji, Mlendu, aje amkaribishe. Wengine wote, Wanande, Wabira, Wahema, tulikutana nao kwenye Kiswahili, na kilitutosha.

Lakini sisemi kwamba tulikuwa sawa. Ukitazama nani ana ng'ombe, nani ni karani, nani ana hati ya shamba, na nani anashuka alfajiri toka kijijini na gunia la makaa kichwani, uliona mpangilio. Watoto hatukuuhoji. Tulidhani watu huzaliwa hivyo.

Aliyenifumbua macho ni baba. Katika ujana wake aliwavutia wapimaji wa ardhi mnyororo huko Djugu, miaka ile iliyofuata 1973. Mwaka huo sheria ya Julai ilisema ardhi yote ni mali ya serikali, na mnamo Novemba Rais Mobutu akatangaza kwamba mashamba na biashara za wageni zitapewa wananchi. Wananchi gani? Waliokwenda shule, wenye fedha, wenye kujuana na wakubwa wa Kinshasa. Kwetu Ituri wengi wa hao walikuwa Wahema, kwa sababu tangu enzi za Wabelgiji ndio waliopewa nafasi zaidi shuleni na katika utawala. Wabelgiji walijiweka wenyewe juu, na mitaa yao ikatengwa na cité ya weusi. Chini yao waliwapanga wenyeji: huyu amezaliwa kutawala, yule kulima na kuchimba dhahabu ya Kilo-Moto. Walipoondoka 1960 hawakuupangua mpango huo, na waliopata nafasi nzuri ndani yake hawakuona sababu ya kuupangua.

Sheria ya 1973 iliacha mwanya mbaya. Mtu aliweza kupata hati ya ardhi yenye watu ndani yake, akanyamaza, na miaka miwili ikipita hati haikupingika tena mahakamani. Baba alinisimulia siku mnyororo wao ulipopita katikati ya shamba la muhogo la mama mmoja. Mama yule aliwaletea maji ya kunywa. Alidhani wanapima barabara.

Ndiyo maana vita vilipoanza katika eneo la Walendu-Pitsi, huko Djugu, mwaka 1999, vikitokana na ugomvi wa mashamba, baba hakushangaa. Tulioshangaa ni sisi wa mjini. Wanajeshi wa Uganda, waliokuwa watawala wetu wakati huo, walikuta ugomvi wa mipaka wakauongezea silaha. Baadhi yao walilipwa na wenye mashamba wawalinde. Jenerali wao, James Kazini, akatuundia jimbo la Kibali-Ituri na kumweka Adèle Lotsove, Mhema, kuliongoza. Walendu wakaelewa kwamba serikali ina kabila.

Agosti 2002 UPC, kundi la wapiganaji wa Kihema la Thomas Lubanga, iliuteka mji. Barieri zikasimama njiani, na kwenye barieri kulikuwa na kadogo, mtoto wa miaka kumi na mbili au kumi na tatu, mwenye bunduki. Alimuuliza yaya yangu, ndugu yangu mkubwa, kwao ni wapi. Yaya alisema Mahagi, akaachiwa apite. Mama Lonji hakuwa na jibu la kumwokoa. Aliondoka usiku na watoto wake, godoro likabaki uani. Mei 2003 Waganda walipotoka, wapiganaji wa Kilendu wakaingia, na zamu hii waliojificha walikuwa majirani zetu Wahema. Swali lilikuwa lilelile. Tulilala nje karibu na kambi ya MONUC, jeshi la Umoja wa Mataifa, pamoja na maelfu ya wengine, hadi Wafaransa wa operesheni ya Artémis walipofika mwezi wa Juni. Umoja wa Mataifa ulikadiria baadaye kwamba raia zaidi ya 8,000 waliuawa Ituri katika miaka miwili, 2002 na 2003.

Lubanga alihukumiwa The Hague mwaka 2012, kwa kosa la kuwaingiza watoto jeshini. Nilifurahi kwa ajili ya watoto wale. Ila hakuna mahakama iliyomrudia mama wa shamba la muhogo.

Mwaka 2020, mtoto wa dada yangu alinionyesha kwenye simu yake George Floyd akifa Minneapolis, goti la polisi shingoni. Aliniuliza, “Mjomba, huko wanamjua mtu kwa ngozi. Huku sote weusi, tunachinjana kwa nini?” Wakati huohuo wapiganaji wa CODECO walikuwa wanachoma vijiji Djugu. Sikumjibu vizuri siku ile. Baadaye nikasoma kwamba Marekani nao walikuwa na wapimaji wao. Miaka ya 1930 watu wa chombo cha serikali walichora ramani za miji, wakapaka rangi nyekundu mitaa ya weusi, na waliokaa humo wakanyimwa mikopo ya nyumba. Watoto wao na wajukuu wao walikua bila mali ya kurithi. Nikamwonyesha kijana: kabla ya goti kulikuwa na karatasi. Na kwa karatasi yetu, babu yako ndiye aliyeshika mnyororo wake.

Juni ya mwaka huohuo sanamu ya Leopold II iliondolewa mahali pake Antwerp, na tarehe 30 mfalme Philippe akamwandikia Rais Tshisekedi kwamba anajuta kwa mateso ya ukoloni. Barua ile niliipokea kwa moyo mweupe. Lakini majuto ya mfalme hayafuti hati hata moja ya Djugu. Kazi hiyo ni yetu.

Watoto wa Mama Lonji walirudi Ngezi, watu wazima sasa. Walikuta nyumba nyingine imejengwa kwenye parseli ya mama yao, na mwenye nyumba ana karatasi mpya zenye mihuri. Za kwao ziliungua 2003. Nimeandika ushahidi wangu, nikaupeleka kwa shefu wa avenyu: mwembe ulikuwa wapi, choo kilikuwa upande gani, nani alikuwa jirani wa nyuma. Mwenye nyumba naye simjui kuwa mwizi. Aliikimbia Djugu akanunua kwa mtu aliyemwambia hapa hakuna mwenyewe. Nataka wote wawili wasikilizwe siku moja, mbele ya majirani, hati zikisomwa kwa sauti, pamoja na jina la aliyepima na jina la aliyeuza. Nataka hivyohivyo Djugu, shamba kwa shamba. Shefu ameahidi kutuita mvua zikipungua, na nimewaambia vijana waje na kila mzee wa avenyu ambaye bado anakumbuka mipaka.