Safari katika Kauli ya Kutendana

Kampuni za meli za kitalii huandika matangazo yao kwa nomino: mabwawa, mabomba ya kutelezea majini, kuta za kupandia, viwanja vya barafu, kumbi za sinema, klabu za watoto. Nomino hupendwa na wauzaji kwa kuwa zinahesabika, na kinachohesabika huuzika. Lakini mzazi anayetaka kujua kama yeye na mtoto wake mdogo watakuwa pamoja katika safari hiyo hana budi kuzigeuza nomino zile kuwa vitenzi, kisha atazame kila kitenzi kiko katika kauli gani.

Zoezi hili nililifanya kwa haja ya nyumbani. Binti yangu anaishi Uingereza na mumewe na watoto wao wawili, wa kwanza wa miaka 7, wa pili wa miaka 4. Yeye ni muuguzi wa zamu za usiku; mumewe ni dereva wa basi, na kazi yake huanza alfajiri. Siku nyingi za mwaka wazazi hao hukabidhiana watoto mlangoni, kama wakimbiaji wa kupokezana vijiti. Walidunduliza fedha kwa miaka miwili ili wapate juma moja la safari ya meli, wakaniletea katika simu matangazo ya safari tatu. Baada ya shikamoo, binti yangu aliandika: "Baba, mimi zote naziona sawa. Wewe una muda, tuchagulie." Chini yake akaongeza sentensi iliyonifanya nivae miwani na kuyasoma matangazo yale neno kwa neno: "Mdogo siku hizi ananijibu kwa Kiingereza hata nikimwita kula."

Kwa hiyo swali langu halikuwa meli ipi ina mambo mengi. Nilitaka kujua ni meli ipi ingempa mtoto huyu saa nyingi zaidi za kusema na mama yake.

Wapenzi wa lugha hawahitaji kufundishwa mnyambuliko wa vitenzi. Wanajua kwamba kiambishi kimoja tu hubadili uhusiano wa watu waliomo katika sentensi. Mtoto anayechezeshwa ana mchezeshaji. Anayelishwa ana mlishaji. Anayeangaliwa ana mwangalizi. Hizo ni huduma, na huduma si jambo baya. Lakini watoto wanapofukuzana, wanapofichana, wanapoulizana, wanaposimuliana au kushindana na wazazi wao, kiambishi -an- hudai pande mbili zilizo sawa katika tendo. Humo ndimo lugha ya nyumbani hupata nafasi, maana haiwezekani kuulizana na mtu bila ya kusema naye. Nilichukua karatasi nikaichora safu tatu: ya kutendewa, ya kutazama, na ya kutendana. Kila jambo katika matangazo yale nililipeleka katika safu yake.

Klabu za watoto ziliangukia safu ya kwanza. Katika meli kubwa klabu hizo ni nzuri kweli. Aghalabu hupokea watoto kuanzia miaka 3, ilimradi mtoto awe anakwenda msalani mwenyewe, na huwagawa kwa umri. Wachanga wa chini ya hapo huwa na chumba chao cha malezi, mara nyingi kwa malipo ya saa. Mama anayekesha kazini mwaka mzima ana haki ya kulala saa mbili mchana wakati mwanawe anapaka rangi chini ya macho ya mlezi aliyesomea kazi hiyo. Hilo sikulipinga. Nilitazama tu kama klabu ni mlango wa kupitia au ni mahali pa kuhamia. Meli ambayo ratiba yake ya siku huwaweka watoto klabuni tangu asubuhi hadi usiku, na wazazi katika kumbi nyingine, ni meli mbili zilizofungwa kamba moja. Tena mgawanyo wa umri unaweza kuwatenga hata ndugu: wa miaka 7 chumba hiki, wa miaka 4 chumba kile.

Safu ya pili, ya kutazama, ilijaa kuliko nilivyodhani. Humo niliandika maonyesho ya jukwaani, sinema, na michezo mingi ya mwili ambayo mtoto hucheza huku mzazi amesimama na simu akipiga picha. Tangu meli ya Voyager of the Seas ilipoanza safari mwaka 1999 ikiwa na ukuta wa kupandia na uwanja wa barafu, mashindano ya kujenga meli zenye maajabu hayajakoma. Ila maajabu yana masharti ya umri, kimo na uzito. Mtoto wa miaka 4 atapimwa kwa kijiti mlangoni na kurudishwa, huku kaka yake akiingia. Mzazi atabaki katikati, akimsindikiza mmoja na kumbembeleza mwingine. Hata mabwawa yana sheria zake: mtoto ambaye bado anavaa nepi haruhusiwi katika bwawa kubwa, hata nepi hiyo iwe ya kuogelea. Mwenye watoto wadogo na asome masharti haya kabla ya kulipa, kwa sababu ndiyo yatakayoamua nani atacheza na nani atatazama.

Hata hivyo, si kila chombo cha mtelezo ni cha kutazama. Meli ya Disney Dream, iliyoanza kazi mwaka 2011, ina bomba la maji liitwalo AquaDuck, lenye urefu wa futi 765, ambalo watu huteremka wakiwa juu ya boya, na boya hilo huweza kubeba wawili. Mtoto aliyefikia kimo cha kuruhusiwa lakini angali mfupi hukaa na mkubwa. Hapo wote wawili hulowa na kupiga yowe pamoja. Hilo ni tendo la safu ya tatu, ingawa ni la dakika chache na foleni yake ni ndefu kuliko mteremko.

Safari ya kwanza kati ya zile tatu ilikuwa ya Karibi, na hiyo ndiyo iliyokuwa na mabomba mengi. Lakini ingebidi kwanza wavuke Atlantiki kwa ndege, na siku mbili za juma lao zingekwisha viwanjani na angani. Ya pili ilikuwa ya Mediterania, yenye bandari mpya karibu kila kukicha. Nilifungua ramani. Meli ikisema inakwenda Roma, hutia nanga Civitavecchia, na kutoka hapo hadi Roma yenyewe ni safari ya zaidi ya saa moja kwa basi. Mtoto wa miaka 4 angeamshwa mapema, apandishwe basi, atembezwe juani kati ya magofu, arudishwe amelala begani. Siku tano za namna hiyo humchosha mzazi kuliko zamu ya usiku.

Ya tatu ilianzia Southampton, ikapanda kaskazini hadi Norwei na kurudi, mausiku saba, mwishoni mwa Mei shule zinapofungwa kwa juma moja. Meli yake ilikuwa na bwawa la kawaida, chumba cha vitabu, chemshabongo ya familia kila jioni, saa ya kupika vitafunio ambayo mtoto huingia na mzazi wake, na siku nzima za kuwa baharini tu, kwenda na kurudi. Bandari zake zilikuwa za kushuka kwa miguu. Pale Bergen, treni ya kamba ya Fløibanen, iliyofunguliwa mwaka 1918, huanzia katikati ya mji, si mbali na gati, na kumpandisha mtu hadi mlima Fløyen, kimo cha mita 320, ambako kuna uwanja wa michezo ya watoto na njia za msituni. Katika safu yangu ya tatu niliandika: kuongozana, kushikana mikono, kuonyeshana, kutafutana nyuma ya miti. Karatasi ikawa imeamua.

Yalibaki mambo ya kukamilisha. Binti yangu na mumewe wana pasipoti za Tanzania, kwa hiyo walihitaji viza ya Schengen ili kushuka Norwei. Niliwashauri wachague chakula cha awamu ya kwanza, kama saa kumi na mbili jioni, kwa sababu awamu ya pili huanza watoto wakiwa wamekwisha kusinzia juu ya sahani. Niliwaambia pia wachukue kitambaa kizito cha dirisha, kwani mwishoni mwa Mei huko giza haliingii hadi karibu saa tano usiku, na mtoto hakubali kuwa usiku umefika kama haujaonekana.

Jambo la usalama sikuliacha mwisho kwa kuwa ni dogo. Mimi nilifundisha Bukoba, na watoto wangu walivuka ziwa mara nyingi kwa MV Victoria, usiku kucha kutoka Mwanza. Tangu MV Bukoba ilipozama tarehe 21 Mei 1996, mzazi wa kanda ile hapandi chombo bila ya kutafuta kwa macho mahali yalipo maboya. Kanuni za kimataifa za usalama wa maisha baharini, zilizoanza kutungwa mwaka 1914 baada ya kuzama kwa Titanic, zinadai kwamba meli ya abiria iwe na jaketi okozi la kipimo cha mtoto kwa kila mtoto aliyemo. Na tangu mwaka 2015, kufuatia ajali ya Costa Concordia ya Januari 2012, zoezi la kukusanyika kwa dharura lazima lifanyike kabla ya meli kuondoka au mara tu inapoondoka. Nilimwambia binti yangu zoezi hilo alifanye kuwa mchezo wa kwanza wa safari: wavalishane majaketi, wafungiane mikanda, wakumbushane njia. Hata hilo liko katika kauli ya kutendana.

MV Victoria ya miaka ile haikuwa na klabu ya mtoto yeyote. Kulikuwa na sitaha, mikungu ya ndizi, upepo, na giza la ziwa. Tulitegeana vitendawili mpaka usingizi ulipotushinda. Sisemi kwamba uhaba ni bora kuliko neema. Ningependa watoto wangu wangepata na bwawa. Nasema tu kwamba mchezo uliotufaa haukuhitaji kifaa, na ndio niliomfungia binti yangu katika mizigo yake.

Kitendawili kimeumbwa kwa ajili ya safari. Mtegaji huita, wenzake huitikia "Tega!", na wakishindwa kukitegua yeye hudai malipo: "Nipe mji." Hupewa mji, husema amekwenda huko na jinsi alivyofaidi, kisha hutoa jibu. Watoto wengi wa leo hutoa miji ambayo hawajaiona. Katika meli, miji yenyewe huja dirishani: Stavanger leo, Bergen kesho. Mtoto ana mali halisi ya kulipia.

Nilimpa pia maneno ya chombo, kwa sababu meli hiyo ingewazungumzia watoto kwa Kiingereza tu. Mbele ya chombo ni omo, nyuma ni tezi, na ndani chini kabisa ni ngama. Mama akiita "Omo!", watoto wakimbilie upande wa mbele wa chumba, akiita "Tezi!", wageuke. Akiita "Ngama!", wachuchumae. Wakishayazoea maneno hayo ndipo waambiwe methali ya wahenga wetu wa pwani: enda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Methali hiyo nimeifundisha darasani miaka mingi, na wanafunzi wangu waliikariri kwa ajili ya mtihani. Mtoto aliyeikimbia kwa miguu haikariri, anaijua.

Siku ya tano ya safari nililetewa sauti ya kusikiliza. Mdogo alikuwa ametega kitendawili alichokitunga mwenyewe: nyumba yetu inatembea, sisi tumelala. Kaka yake alijifanya hajui kuwa ni meli, akampa Bergen. Nikasikia sauti ndogo, kali, ikijibu: "Bergen siitaki! Nipe Tanga kwa babu!" Sarufi ilikuwa na kasoro yake, maana mji huwa tunaukataa kwa *siutaki*. Sikumsahihisha. Alikuwa anagombania mji kwa Kiswahili.

Nami nawasihi wenye watoto wadogo, wawe wanalipa meli ya juma zima au tiketi za boti ya Dar es Salaam hadi Unguja, mwendo wa saa mbili hivi: kabla ya kuuliza kuna nini ndani ya chombo, ulizeni mtafanyiana nini humo. Andikeni vitenzi vyenu kwenye karatasi na mhesabu vyenye -an-. Vikiwa vichache, badilisheni chombo. Na kama chombo ni hicho hicho kimoja, ongezeni vitenzi.