Nusu ya bei ya gari iko Kilindini

UKITAKA kujua gari ni kitu gani kwa mtu wa Pwani ya Kusini, msomaji, simama kwenye feri ya Likoni asubuhi ambayo meli ya magari inaingia. Feri huingoja ipite. Meli yenyewe haina umbo la kupendeza. Ni ukuta mrefu wa chuma usio na madirisha, mfano wa ghala lililotiwa injini. Abiria hukatiza mazungumzo wakaitazama, na hapo utasikia kila mtu akijichagulia lake. Huyu anataka Probox ya kubeba abiria wa Lunga Lunga. Yule anataka Noah ya watalii. Bibi mmoja aliyekuwa kando yangu na kapu lake aliuliza swali moja tu: "Yote hayo yana wenyewe?"

Yana wenyewe, bibi. Mengine ni ya Uganda, Rwanda na Kongo, hapa yanapita njia. Na moja, siku hiyo, lilikuwa la mpwa wangu wa Msambweni, nalo ndilo lililonitoa nyumbani.

Mpwa wangu ni dereva. Miaka tisa amewachukua wageni kutoka uwanja mdogo wa ndege wa Ukunda na kutoka stesheni ya reli ya Miritini, akawatembeza Diani, Shimba Hills na Shimoni, na kila jioni funguo akazirudisha kwa mwenye gari. Mtu wa namna hiyo huota gari lake hata akiwa macho. Mapema mwaka 2025 aliona kwenye simu Noah nyeupe ya CC 2000, iko Yokohama, Japani. Bei ikamshangaza kwa udogo wake. Akamwendea mamake, ambaye ni dada yangu, wakaafikiana kuuza kipande cha shamba la minazi alichoachiwa na marehemu mumewe. Mimi habari zilinifikia shamba likiwa limekwisha kwenda.

Usistaajabu, msomaji, kwamba Mjapani huuza gari zima kwa bei ya pikipiki nne. Kule sheria humtaka mwenye gari alipeleke likakaguliwe, ukaguzi wanaouita shaken: mara ya kwanza baada ya miaka mitatu likiwa limenunuliwa jipya, kisha kila baada ya miaka miwili, na gharama yake si haba. Wengi huona heri wauze wanunue jingine. Gari huishia mnadani, na kwa vile Wajapani nao huendesha upande wa kushoto wa barabara kama sisi, usukani wake haumtatizi dereva wetu.

Lakini bei hiyo unayoiona isome pamoja na herufi zilizo kando yake. Zikiwa FOB, hiyo ni bei ya gari kufikishwa melini huko huko Japani, basi. Nauli ya bahari na bima hazimo. Zikiwa CIF, vyote viwili vimo hadi Mombasa. Hata hivyo, CIF nayo ni nusu ya njia tu, na wengi wetu huidhania kuwa ni mwisho.

Kuna pia suala la umri. Kenya haipokei gari lililopita miaka minane tangu kusajiliwa mara ya kwanza, na Shirika la Ubora wa Bidhaa (KEBS) huhesabu kwa mwaka. Kuanzia Januari 2025, lililosajiliwa mara ya kwanza mwaka 2017 halikupokelewa tena, hata likiwa linang'aa kama sahani mpya. Ndiyo sababu kila Novemba na Desemba utaona magari ya mwaka unaofunga mlango yakitangazwa kwa bei ya kutupa. Muuzaji anajua siku zake zinakwisha. Wewe ukinunua, meli ikichelewa hadi Januari, gari linakataliwa bandarini na pesa zako zimekwisha kuvuka bahari. Mpwa wangu nusura aingie mtego huo. Rafiki yake wa Ukunda ndiye aliyemzuia. Tena hakikisha gari limekaguliwa huko huko Japani kabla ya kupakiwa na cheti chake unacho.

Sasa tufike kwenye ushuru, mahali ambapo dada yangu alipoteza usingizi.

Mamlaka ya Ushuru (KRA) haikisii kwa risiti yako. Ina orodha yake ya bei za magari yakiwa mapya; huipunguza bei kulingana na umri wa gari, na kutokana na hapo hupata thamani ya kutoza. Tuseme thamani hiyo imekuwa shilingi 800,000. Ushuru wa forodha, ambao mwaka 2023 ulipandishwa kutoka asilimia 25 hadi 35, ni shilingi 280,000. Jumlisha, ufikie 1,080,000. Juu ya jumla hiyo huja ushuru wa bidhaa, ambao kwa injini ya kadiri ya Noah ni asilimia 25, yaani 270,000. Jumlisha tena, kisha utoe VAT ya asilimia 16: 216,000. Umeona, ushuru unatozwa juu ya ushuru. Halafu kuna ada ya uagizaji, asilimia 2.5, na tozo ya reli, asilimia 2, zote za ile thamani ya mwanzo: 20,000 na 16,000.

Chukua kalamu ujumlishe mwenyewe. Ni shilingi 802,000. Gari la laki nane limedaiwa ushuru wa laki nane na ziada. Injini isiyozidi CC 1500 hutozwa ushuru wa bidhaa wa asilimia 20, na hapo utafahamu kwa nini Probox zimejaa barabarani. Viwango hivi hubadilishwa na bajeti, kwa hivyo uliza vya mwezi huu kabla ya kutuma hata senti.

Na bado. Kampuni ya meli hulipwa ndipo itoe kibali. Bandari hulipwa, na stesheni ya makontena lilikolazwa gari hulipwa. Wakala wa forodha ana chake. NTSA hulipwa kwa usajili na vibao vya nambari, na bima hukatwa kabla gurudumu halijagusa lami.

Mpwa wangu alikuwa na pesa za gari, za nauli, na za kile alichokiita "ushuru kidogo", kwa kuwa wakala aliyempata kwa simu alimtajia laki nne. Karatasi ya malipo ilipotoka, ilikuwa karibu maradufu. Siku chache za mwanzo gari hulala bure. Zikiisha, kila usiku una bei yake. Likikawia kupita muda wa sheria, KRA hulinadi. Kijana akawa kila asubuhi yuko Mombasa akilitazama gari lake nyuma ya waya. "Mjomba," aliniambia kwa simu, "naliona, lakini hata kuligusa siwezi."

Usiku kumi na saba lililala pale. Chama cha akina mama wa Msambweni kilitoa mkopo, mimi nikatoa nilichoweza, na bangili mbili za dhahabu za dada yangu zikaenda kwa sonara. Hizo hazijarudi hadi leo.

Siku ya kulitoa tuliondoka kwa njia ya Dongo Kundu. Zamani ingetubidi tupange foleni Likoni, ambako mtu wa miguu huvuka bure lakini gari hulipa. Barabara hii, iliyofunguliwa hadi Kibundani mwaka 2024, inakutoa Miritini na kukuvusha Mwache na Mteza juu ya madaraja marefu, chini yako mikoko na maji ya kijani. Ni mandhari ya kusimamishia gari, ila mpwa wangu hakusimama. Alishika usukani kwa mikono miwili kama mwanafunzi.

Tukapita Ng'ombeni na Waa, tukaiacha Kombani ilipo njia ya kupanda Kwale mjini, kisha Tiwi, tukavuka Mwachema tukaingia Ukunda. Pale tulikunywa chai na yule rafiki aliyemwokoa. Yeye aliishi Ujerumani kwa miaka mingi, kama walivyofanya watu wengi wa Diani, na alikuwa na gari lake zuri huko. Hakuja nalo, kwa kuwa usukani wake ulikuwa kushoto. Mkenya anayerudi kukaa nyumbani baada ya kuishi nje miaka miwili au zaidi husamehewa ushuru wa gari moja, mradi awe amelimiliki kwa miezi kumi na miwili. Wa nchi za usukani wa kushoto huruhusiwa kuuza lake na kuleta la usukani wa kulia lenye thamani kama hiyo. Kama una ndugu anayefunga virago Hamburg au Zurich, mpigie simu leo. Akifika uwanja wa ndege atakuwa amechelewa.

Jambo jingine alilotuonya ni chumvi. Gari linaloegeshwa ufuoni lioshwe chini kwa maji baridi kila mara, maana upepo wa Diani hula chuma.

Jua lilikuwa limeinama tulipopita Gazi. Kufika Msambweni, watoto walilikimbilia gari, na dada yangu akatoka na kanga yake ya Ijumaa. Akapandishwa mbele. Mpwa alipowasha injini, sauti ya mwanamke ikasema maneno ya Kijapani kutoka kwenye redio.

"Anasemaje?" dada akauliza.

"Anakukaribisha, mama."

Tukazunguka naye kijiji. Kwenye njia ya shamba tulikuta mnunuzi amekwisha kuchimba mashimo ya nguzo na kuanza kuvuta waya. Dada akahesabu minazi iliyobaki ndani ya waya, kwa sauti, hadi kumi na mmoja, kisha akamwambia mwanawe ageuze gari.