Siku Sita Mukuyuni

Mukuyuni, kwa Kikamba, ni mahali penye mkuyu, na sisi watu wa pwani hatuhitaji mkalimani wa kutufahamisha hilo. Ni mji mdogo wa soko katika sehemu ya Kaiti, Kaunti ya Makueni. Tulikwenda huko kwa ajili ya binti wa ndugu yetu, mhadhiri wa chuo kikuu, ambaye tasnifu yake ya uzamivu ilikuwa imelala mwaka wa sita. Wahadhiri tisa, sita kati yao wanawake, walikodi nyumba ya wageni ili wakae pamoja waandike, naye akatuomba sisi ami yake tumsindikize.

Tulitoka Mombasa kwa treni ya asubuhi, tukashuka Emali, tukapanda matatu hadi Wote, kisha Mukuyuni. Vilima vya upande ule vimekatwa matuta toka chini hadi juu, na miembe imepandwa kando ya matuta hayo. Baridi ya usiku ilitulazimisha kujifunika mara mbili. Kwa kuwa tulinuia kukaa zaidi ya siku nne, tuliswali swala kamili, kama ilivyo katika madhehebu yetu ya Shafii. Chakula kilikuwa muthokoi, yaani mahindi yaliyokobolewa na kupikwa kwa maharagwe, nacho hakikututia shaka yoyote.

Utaratibu wao ulikuwa mwepesi. Asubuhi kila mmoja alitamka mbele ya wenzake atakachokiandika siku hiyo. Simu zilitiwa kapuni. Waliandika saa mbili kwa kimya, wakanywa chai, wakarejea. Baada ya Alasiri walisomeana, na aliyesomewa hakuogopa kusema, "Hapa sikufahamu." Tuliona faida yake kwa macho yetu. Neno lililotamkwa mbele ya watu huwa deni, na kosa lililoonwa na mwenzio hukuepusha na aibu ya mtahini.

Jambo hili si geni nchini. Muungano wa CARTA, ulioanzishwa mwaka 2008 na kuongozwa na kituo cha APHRC cha Nairobi pamoja na Chuo Kikuu cha Witwatersrand, huwakusanya wanafunzi wake wa uzamivu kutoka vyuo mbalimbali vya Afrika wasome na kufanya kazi pamoja, asibaki mtu peke yake na karatasi zake.

Mama aliyetupikia alitueleza habari ya yale matuta. Huitwa fanya juu, kwa sababu mchanga wa mtaro hutupwa upande wa juu wa mteremko, na mvua za miaka husawazisha shamba lenyewe. Mtu mmoja hauwezi mlima, kwa hiyo watu wa Ukambani, na wanawake hasa, hujikusanya katika kundi liitwalo mwethya: leo shamba la huyu, kesho la yule. Tuliposikia hayo tulitambua kuwa wale wahadhiri nao walikuwa katika mwethya wao.

Siku ya tatu simu ilikuja: mtoto mdogo wa binti yetu ana homa. Akafunga mkoba wake huku analia. Hatukumzuia wala hatukumhimiza. Tulimwambia ampigie kwanza mama mkwe wake. Yule bibi akamjibu, "Mwanangu, huyu ni mjukuu wangu. Nimeshampeleka hospitali, na dawa amekunywa. Wewe andika." Akakaa chini, akaandika. Kesho yake homa ikashuka, alhamdulillahi.

Hapo tulimkumbuka Ibn Khaldun. Alijitenga katika ngome ya Ibn Salama, katika Algeria ya leo, na mwaka 1377 akaiandika Muqaddima yake kwa muda wa miezi mitano. Tunamsifu kwa akili yake, nayo yastahili sifa. Lakini alikuwa chini ya hifadhi ya Awlad Arif, waliompa makao na amani. Nyuma ya kila kalamu iliyotulia pana mtu aliyebeba mzigo mwingine.

Hatusemi kwamba siku sita humaliza tasnifu. Binti yetu alirudi na sura moja iliyokamilika na nyingine nusu. Nyumbani kazi zilimngoja kama kawaida, ila sasa yeye na wenzake wawili hupigiana simu kila baada ya Isha na kuulizana kilichoandikwa.

Ndugu zetu waume, kina mama wakwe na mashangazi, wako katika nyumba zetu mabinti wenye elimu iliyokwama kwa kukosa siku chache za utulivu. Tunawapongeza hadharani wanapohitimu, na kabla ya hapo tunawaachia masufuria yote. Kumlelea mtu watoto kwa siku sita ili aandike elimu yenye manufaa ni sadaka, na malipo yake tunayataraji kwa Mwenyezi Mungu. Wallahu aalam.